"Moron" si "mpumbavu"

Nimeletewa tena rasimu ya tafsiri ambamo "idiot", "imbecile" na "moron" yote yamegeuzwa "mpumbavu". Ni ya tatu mwaka huu. Nikiuliza, najibiwa: "Si matusi tu hayo, Mwalimu?" Hapana! Kwenye maandishi ya tiba na sheria ya mwanzoni mwa karne ya 20, hayo ni madaraja ya upungufu wa akili.

"Dunce" (mzito wa kuelewa) sina ugomvi nalo. Hiyo ni kejeli tangu asili, wafuasi wa mwanafalsafa wa zama za kati John Duns Scotus walibandikwa jina hilo na wapinzani wao.

Lakini "moron" halikuzaliwa mtaani. Mwanasaikolojia Henry Goddard, wa Vineland, New Jersey, alilitunga mwaka 1910 kutokana na Kigiriki, kwa watu wazima ambao kipimo cha akili kiliwapa umri wa akili wa miaka 8 hadi 12, yaani akili kama ya mtoto wa umri huo. Wa miaka 3 hadi 7 ni "imbecile". Chini ya hapo, "idiot". Mtaa ulilidaka baadaye.

Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu Virginia imfunge kizazi Carrie Buck, mwanamke aliyedaiwa kuwa na upungufu wa akili. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya "imbeciles" vinatosha. Sasa soma kumbukumbu za kesi: Carrie alipewa umri wa akili wa miaka 9. Kwa kipimo chao wenyewe hakuwa "imbecile"! Na bintiye Vivian, aliyehesabiwa kizazi cha tatu baada ya bibi yake na Carrie, alipoanza shule aliingia kwenye orodha ya wanafunzi wanaofanya vizuri. Ukiandika "wapumbavu", msomaji anaona jaji mwenye mdomo mchafu, basi. Haoni kwamba neno la kitaalamu lilitumika ovyo, na mwanamke akapasuliwa kwa neno hilo.

Tuandikeje, basi? "Mjinga" ni asiyejua. Akifundishwa, ujinga unamtoka. Mpumbavu akili anayo, haitumii. Nimewahi kuandika "taahira wa daraja la juu" kwa "moron" na sikuridhika, kwa sababu taahira lenyewe watoto wanatukanana nalo, na punguani lilishapita njia hiyo hiyo. Siku hizi naliacha neno la Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, naeleza daraja lake mara ya kwanza, kisha naendelea. Bado naona ni kama kukwepa kazi. Mwenye neno bora aniandikie, nitalijaribu kwenye ukurasa wa hukumu ya Holmes kwanza.