Beseni Moja, Vikombe Vichache

Msimu wa joto ukianza, wazazi huniuliza wawanunulie watoto vitu gani vya kuchezea maji. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na huwaambia wafungue kabati la jikoni: vikombe vya ukubwa tofauti, jagi, faneli, chujio, sponji, chupa tupu za plastiki. Weka beseni kivulini, tia maji kidogo, kisha keti hapo hapo pembeni.

Keti kweli, na simu iwe mbali. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 tu, na mara nyingi huzama kimya, bila kelele wala kurusharusha maji. Kwa walio chini ya miaka 5, nataka mkono wangu umfikie mtoto bila mimi kunyanyuka. Mchezo ukiisha, beseni linamwagwa na kupinduliwa kifudifudi papo hapo.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kumimina. Jaza kikombe kifupi kipana, mimina maji hayo kwenye chupa ndefu nyembamba mtoto akitazama, umuulize ni wapi yalikuwa mengi. Wa miaka 4 kwa kawaida ataonyesha chupa, ingawa ameona hukuongeza hata tone. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba watoto huanza kuelewa jambo hili wanapokaribia miaka 7. Tafadhali usimsahihishe. Mwache amimine na kurudisha, amimine na kurudisha. Niliwahi kumtazama mtoto akifanya hivyo kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniita kwa nguvu: "Mwalimu, ni yaleyale!" Maelezo yangu yasingemfikisha pale.

Wakubwa kidogo wape donge la plastisini. Likiwa donge, linazama. Walitandaze, walikunje kingo liwe mashua, nalo litaelea, kwa sababu sasa linasukuma maji mengi zaidi. Kisha wapakie kokoto moja moja mpaka mashua izame. Hapo huzuka ubishi mkubwa, nami huuacha uendelee.

Chupa yenye matundu matatu, moja juu ya jingine, nayo huwashika sana: tundu la chini hutoa maji kwa nguvu kuliko la juu, maana limebeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake.

Maputo ya maji situmii. Yakipasuka, vipande vyake vinaweza kumkaba mtoto. Na kama una mpira wa bustani uliolala juani, acha maji yatiririke kwanza uyaguse wewe, kwani yale ya mwanzo yanaweza kumuunguza mtoto.

Siku ya jua kali, wape brashi pana na ndoo ndogo ya maji, wachore sakafuni. Au mwaga maji kidogo, uzungushie chaki ukingoni, mrudi kila baada ya dakika chache kuchora mstari mpya. Mtoto mmoja aliniambia maji yale yameingia ndani ya saruji. Nilimuuliza tutajuaje. Kesho yake alikuja na mfuko wa plastiki, akautandaza juani, akamimina maji juu yake, akachuchumaa kusubiri.