Cheti cha Chuo cha Mazishi Si Leseni

Malalamiko yanayotufikia mezani hapa ofisi ya leseni za kazi ya mazishi siku hizi yanafanana. Mtu kamaliza shahada ya miaka miwili ya huduma za mazishi na mochwari, kaja na cheti ndani ya bahasha, anataka leseni siku hiyohiyo. Akiambiwa bado, anaona tunamzungusha.

Hapa Marekani leseni hutolewa na jimbo, si na chuo, na masharti hutofautiana. Yapo majimbo yanayodai shahada kamili ya kwanza, si hiyo ya miaka miwili. Soma masharti ya jimbo unalotaka kufanyia kazi kabla hujalipa ada, na uhakikishe programu ina ithibati ya American Board of Funeral Service Education, bodi inayoidhinisha programu za masomo ya mazishi. Chuo kuwa na ithibati ya jumla hakutoshi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado maombi yanakuja.

Baada ya masomo kuna mtihani wa kitaifa wenye sehemu mbili, Sanaa na Sayansi, na alama ya kufaulu ni 75. Sanaa inagusa uendeshaji wa mazishi, sheria na kuzungumza na wafiwa. Sayansi inagusa uhifadhi wa maiti, anatomia, kemia na vijidudu vya maradhi. Kisha kuna uanagenzi chini ya mwenye leseni, aghalabu mwaka mmoja. Katika majimbo mengi mwanagenzi lazima asajiliwe kwanza, na siku ulizofanya kazi kabla ya kusajiliwa huenda zisihesabiwe.

Wengine hutuandikia: “Nimeosha maiti msikitini miaka mingi.” Ni kazi ya heshima, lakini haifuti somo hata moja. Kuna pia wanaodhani shahada nzima itamalizwa kwenye kompyuta. Nadharia, ndiyo, vyuo kadhaa huifundisha kwa intaneti. Lakini kutafuta mshipa wa ateri shingoni, kuingiza dawa ya kuhifadhi maiti taratibu na kuachia damu itoke kwenye vena, hayo hufanywa kwa mikono, mwalimu akiwa pembeni. Hali kadhalika somo la kurejesha sura: mwanafunzi hufinyanga sikio kwa nta juu ya fuvu la plastiki, na kipimo ni kwamba sikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na chini ya pua. Likipanda kidogo tu, familia haitamtambua mtu wao, hata kama haitaweza kusema kimekosekana nini.

Chumba cha maandalizi nacho kina sheria. Kiwango cha juu cha formaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye dawa ya kuhifadhi maiti, hewani ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa dakika 15. Harufu ikikuchoma macho, toka nje, utoe taarifa. Usijizoeshe.

Ama kuhusu bei, kanuni ya shirikisho ya mwaka 1984 inamtaka mwenye biashara ampe mteja anayefika kuulizia orodha ya bei, kila huduma kivyake, na inamkataza kudai kwamba sheria inalazimisha maiti itiwe dawa pale isipolazimisha. Faini inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kila kosa. Wanafunzi hulipitia somo hili haraka wakidhani linamhusu bosi peke yake.

La mwisho: matokeo ya chuo yatumwe na chuo chenyewe. Bahasha uliyokwisha kuifungua tutakurudishia.