Bakteria habadilishi jeni zake kila akibanwa

Wengi huamini kwamba bakteria akikumbwa na joto kali, chumvi au njaa, hujiundia jeni mpya papo hapo ili aokoke. Sivyo. Jeni anazo tayari. Kinachobadilika ni zipi zisomwe, na kwa wingi gani.

Mtazame bakteria aitwaye Escherichia coli akitolewa nyuzi joto 30 hadi 42. Ana protini iitwayo sigma 32, inayokiongoza kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA (ujumbe wa kuundia protini) hadi kwenye jeni za kukabili joto. Hali ikiwa shwari, protini nyingine, DnaK, huishikilia sigma 32, na sigma hiyo huvunjwa upesi. Joto likipanda, protini za seli huharibika umbo, DnaK huelemewa na kazi ya kuzinyoosha, na sigma 32 hubaki huru. Hata RNA yenye maelekezo ya kuiunda hufumuka kwa joto, ikasomeka kwa urahisi: kipimajoto ndani ya ujumbe wenyewe!

Mabadiliko ya jeni yapo, ila hayaagizwi. Mwaka 1943, wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwamba bakteria sugu dhidi ya virusi huwa wameshatokea kabla hata ya kukutana navyo. Msongo unaweza kuzidisha makosa ya kunakili DNA, lakini hauchagui kosa lenye faida.