Bingwa wa Scrabble si lazima aijue lugha

Wengi huamini kwamba wanaoshinda mashindano ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, ni watu waliosoma sana na wenye ufasaha. Imani hiyo ya miaka mingi imepanguliwa na Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali Kifaransa chenyewe hakijui; alikuwa amekariri maneno ya kamusi kwa takriban miezi miwili. Mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania, huko Granada.

Mezani, maana haina pointi. Kinachoulizwa ni kama neno limo kwenye orodha rasmi, basi.

Hata kufumbua herufi zilizovurugwa si kipaji cha ajabu. Wachezaji wengi huzipanga kialfabeti kwanza. Chukua AIKTU: ndani yake mna kiatu, kuita na kutia. Ukishaufunga mpangilio huo kichwani pamoja na majibu yake, hutafuti tena, unakumbuka. Wanaanza na mafungu ya herufi yanayotokea mara nyingi, hasa ya herufi saba, kwani anayemaliza vigae vyake vyote saba kwa mkupuo mmoja huongezewa pointi 50.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo msomaji hodari wa riwaya huachwa mbali: herufi zipi zimebaki kwenye mfuko wa vigae, zipi uzihifadhi kwa zamu ijayo, na wapi usimfungulie mpinzani njia. Mchezaji mzuri anaweza kuacha neno la pointi nyingi akacheza fupi, ili tu abaki na herufi zinazoungana vizuri.