Nina cheti, nisome nini tena?

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii ni mtu anayeingia mwaka wa kumi na moja wa kujitolea kurekodi ndege, vipepeo na viumbe wengine wa porini, mchapakazi kwelikweli, asiyekosa siku ya kuhesabu ndege hata mvua ikinyesha. Kaniandikia kwamba mafunzo endelevu ni ya wageni wa kazi hii. Kozi ya msingi alishamaliza, cheti anacho, uwandani ni kama nyumbani kwake. Kazi yangu ni kuhakiki rekodi za watu kama yeye, na hoja hii nimeichoka, kwa hiyo leo naijibu kwa urefu. Amenipa ruhusa nitumie picha zake.

Katika rekodi zake kuna Danaus chrysippus wengi, kama ilivyo kwa kila mtu. Ni kipepeo wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole bila wasiwasi kwa sababu ana sumu na ndege wanalijua hilo. Kozi ya msingi inakufundisha huyu. Haikufundishi jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu lakini amemwiga mwenzake kwa rangi, kwa ncha za mabawa, hata kwa mwendo. Dume wake ni mweusi mwenye mabaka meupe, hafanani na jike hata kidogo, ndiyo maana anayemjua dume hudhani ameshaijua spishi nzima.

Tazama bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi katikati ya bawa: jike vitatu, dume ana na cha nne. Hypolimnas ana doa moja tu, nalo liko kwenye ukingo wa mbele. Ukishaoneshwa mara moja, hutalisahau. Nilizipitia picha za miaka kumi na nikakuta tatu zenye doa moja ukingoni, picha kali, hazina ubishi, zote zimeandikwa Danaus. Na mbili kati ya hizo niliziidhinisha mimi. Niliona jina lake, nikamwamini, nikapita.

Hapo ndipo penye shida, na ndipo watu hawataki kunielewa. Uwanda haukusahihishi. Kipepeo hageuki kukwambia umekosea jina. Usipopata mtu wa kukuonesha kosa, unalirudia miaka kumi, na kila mwaka unalirudia kwa uhakika zaidi. Mgeni huweka alama ya kuuliza pembeni ya jina, nami nikiiona natazama picha mara mbili. Mkongwe haweki. Kwa hiyo kosa la mkongwe ndilo linaloingia kwenye takwimu na kukaa humo.

Majina nayo hayatulii, ila hilo nalipitia haraka. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea wa Vienna mwaka 2005 uliliacha jina Acacia kwa miti ya Australia, wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha, na migunga ya Afrika sasa ni Vachellia na Senegalia. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwatathmini tembo wa savana na tembo wa msituni kama spishi mbili. Mwaka 2025 ikatambua spishi nne za twiga. Aliyehitimu kabla ya hapo na hajarudi darasani anaandika majina ya zamani, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni orodha. Ukituma orodha eBird, mtandao wa kukusanya rekodi za ndege, unaulizwa kama umeandika kila ndege uliyeweza kumtambua. Swali hilo ni moyo wa kazi yote, maana orodha kamili humwambia mtafiti pia nani hakuonekana. Wakongwe wanajibu ndiyo, halafu wamewaacha kunguru kwa sababu "kunguru wako kila mahali". Umeshawafuta kunguru! Mtafiti akifungua data ataona saa mbili za kutazama na kunguru sifuri, na hana njia ya kujua kwamba walikuwa thelathini juu ya kichwa chako. Kama unawaacha, jibu hapana. Jambo hili linafundishika kwa dakika kumi, na nimelikuta kwa watu wenye vyeti vitatu.

Tena usiniambie simu inatosha. Katika iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe kwa picha, rekodi hufika daraja la utafiti, yaani la kuaminika kwa watafiti, pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana. Programu ikipendekeza jina, wewe ukalipokea, rafiki yako akabonyeza kukubali bila kutazama, hapo hakuna aliyetambua kitu.

Sasa, mafunzo yapi? Kule Texas, Marekani, mpango wao wa wanaasili wa kujitolea unadai saa 40 za huduma na saa 8 za mafunzo ya ziada kila mwaka. Mimi pia nasaini saa za watu, na nakiri nina mashaka nazo. Aliyesinzia nyuma ya ukumbi anapata saa sawa na aliyeuliza maswali. Bado nazitetea, kwa sababu bila saa wengi wasingekuja kabisa. Ila kama ningepangiwa mimi, nusu ya saa hizo zingekuwa kazi ya kusahihishwa: jioni moja mbele ya droo za vielelezo vya makumbusho, lebo zimefunikwa, unataja jina ndipo unafunua. Au sauti za ndege za tovuti ya xeno-canto, ambazo ni bure, mtu mwingine akikuchagulia. Au watu wawili wanahesabu kundi moja la ndege bila kusemezana, kisha wanafungua daftari. Tofauti ya namba zile mbili huwanyamazisha wote.

Rafiki yangu aliyeniandikia amekubali kuja Jumamosi na picha zake zilizobaki. Kuna moja imetushinda sote: mabawa yamefumbwa, jani limekata nusu ya bawa la nyuma, na sehemu ya doa ndiyo iliyozibwa. Yeye anasema Danaus. Mimi nimeiacha kwenye familia inayowajumuisha wote wawili, Nymphalidae, na alama ya kuuliza.