Neno "Allah" si la Waislamu peke yao

Ile meseji ya "Allah si Mungu wa Wakristo, neno hilo ni la Waislamu tu" imerudi tena kwenye magrupu, mie nshaipata mara tatu. Jamani, Allah ni neno la Kiarabu, Wakristo wa Misri, Lebanon na Syria wakisali husema hilohilo. Hebu fungua Biblia ya Kiarabu, Mwanzo 1:1, utakuta "khalaqa Allahu", yaani Mungu aliumba, na herufi za Kiarabu si tumefunzwa sote kwenye chuo cha Kurani. Huku Unguja tunachanganyikiwa kwa sababu Allah tunalisikia kwenye adhana, kanisani wanasema Mungu, basi. Tafauti za itikadi zipo, tena kubwa, hizo zungumzeni barazani na kahawa yenu, lakini meseji hiyo ikikufikia usiifowadi.