Sensa ya sukari haipimi damu jamani

Juzi tena nimesikia, tuko msibani, jamaa mwenye kisukari anamwonyesha mwenzie sensa yake, kile kidude cheupe cha mkononi, anamwambia "hiki kinanipima damu masaa yote". Hakipimi damu. Hata tone moja hakilioni.

Maana yake kwa haraka: ni kidude cha duara kama sarafu, unakibandika nyuma ya mkono juu ya kiwiko, kina kiuzi kinaingia chini ya ngozi kama milimita 5, kinasoma sukari kila dakika chache kinatuma kwenye simu, unakaa nacho kama siku 10 hadi 15 inategemea aina, afu unabandika kingine. Basi.

Sasa jina. Kiswahili cha vitabuni kina neno kihisi, zuri tu, ila mtaani limeshindwa, watu wanasema sensa. Na sensa sisi tunayo nyingine, shangazi yangu alipoambiwa na mwanae wa Muscat kwamba anamletea sensa alijibu "si tulihesabiwa juzi tu 2022?" Maneno mawili hayana undugu, huko kwenye Kilatini moja linatoka kwenye kukadiria jingine kwenye kuhisi, yamefika kwetu yamekatwa mikia yakawa mapacha.

Na hapo kwenye kuhisi ndo penyewe. Kinachohisiwa ni sukari ya majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, sukari inaanza kwenye damu ndo inapenya kwenda huko, kwa hiyo simu inakuwa nyuma ya damu kama dakika 5 hadi 15 hivi. Ukiwa umetulia hujala kitu huoni tofauti, ugomvi unaanza sukari ikipanda au ikishuka kwa kasi.

Jioni moja shangazi kaanza kutetemeka, jasho linamtoka, simu inasema 5.1 (mmol kwa lita) na mshale unaangalia chini. Tukamtoboa kidole tukapima damu yenyewe, 3.6, imeshuka. Akanywa soda nusu glasi, robo saa baadae kidole kinasema 5, simu ndo kwanza iko 3.7 inalia kama king'ora. Akasema hiki feki, mwanangu kaibiwa. Mwingine hapo angeiamini simu akaendelea kugida soda, usiku anajikuta yuko 15, juu mno.

(Zile saa za mkononi zinazouzwa eti zinapima sukari bila kutoboa ngozi hizo habari nyingine kabisa, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Februari 2024 ilisema haijaidhinisha hata moja. Na ukilalia mkono wenye sensa inaweza kukuonyesha umeshuka na wala hujashuka, ni kule kukandamizwa tu.)

Nikamuuliza, shangazi, yule karani wa 2022 alikuuliza nini? Akasema aliuliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Hakukuuliza nani yupo sasa hivi? Hakuuliza. Basi na hiki hivyo hivyo, kinakwambia sukari ilikuwa wapi muda kidogo uliopita, ukiona mwili unatetemeka na simu inabisha, wewe toboa kidole.

Akanyamaza, anakiangalia mkononi.

"Kwa hiyo hakidanganyi, kinachelewa?"

Ehee shangazi. Kinachelewa.